Siku ya Familia Mjini Galway: Mwongozo wa Matembezi ya Polepole na Baa Zinazopokea Watoto

Galway ni mji wa bandari ulio magharibi mwa Ireland, pale mto Corrib unapoingia katika Bahari ya Atlantiki, na ukubwa wake unamfaa kabisa mtu anayetembea na watoto, kwa kuwa kutoka kituo cha treni hadi ukingo wa maji ni mwendo wa dakika ishirini hivi kwa miguu ya mtoto asiye na haraka. Sifa kubwa ya mji huu ni baa zake na muziki unaopigwa humo, na hapo ndipo wazazi wengi wa kwetu husita, maana baa waliyoizoea ni mahali pa watu wazima, ambapo mtoto akionekana mlangoni watu huuliza amepotea au ametumwa. Baa ya Ireland wakati wa mchana haiko hivyo. Watu hula humo, wazee hunywa chai na kusoma gazeti, na mtoto mwenye bakuli la supu mbele yake hamshangazi mtu. Kinachoamua kama siku itakwenda vizuri ni saa, na ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye sheria kabla ya kufika mitaani.

Hatua ya 1: Panga siku ukianzia mwisho wake

Sheria ya vileo ya Ireland ya mwaka 2003, pamoja na marekebisho yake, inamruhusu mtoto wa chini ya miaka 15 kukaa ndani ya baa akiwa na mzazi au mlezi, lakini inamtaka awe ametoka ifikapo saa tatu usiku, na kuanzia Mei hadi Septemba kikomo hicho husogezwa hadi saa nne. Vijana wa miaka 15 hadi 17 nao hutoka kwa saa hizo hizo. Mwenye baa anaweza kukataa watoto mapema zaidi ya hapo, na baadhi yao hufanya hivyo Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo soma tangazo lililobandikwa mlangoni au uliza kaunta kabla hujavua makoti. Saa zote za mwongozo huu ni za hesabu yetu ya Kiswahili. Kwenye matangazo ya Ireland, saa tatu usiku utaiona imeandikwa 21:00.

Umri wa kunywa kileo ni miaka 18, na mzazi hana ruhusa ya kumwonjesha kijana wake kwenye meza ya baa kwa hoja kwamba ni mwanawe. Ukiwa na kijana wa miaka 18 hadi 20 anayependa kubaki baada ya saa tatu, hakikisha amebeba kitambulisho kinachoonyesha umri wake.

Sheria hii, ambayo kwa mtazamo wa kwanza inaonekana kubana, kwa kweli inakupangia siku. Muziki wa usiku wa manane si wako. Wako ni ule wa jioni mapema, ambao katika baa kadhaa za katikati ya mji huanza mnamo saa kumi na moja au kumi na mbili. Kwa hiyo asubuhi iwe ya mitaani na sokoni, mchana uwe wa chakula, alasiri iwe ya bahari, na muziki uje mwisho, watoto wakiwa wamechoka kiasi cha kukaa kitako.

Hatua ya 2: Chagua tarehe na umalize mambo ya viza

Jumamosi ndiyo siku bora, kwa sababu soko la wazi karibu na kanisa la Mtakatifu Nicholas huwa limechangamka. Jumapili pia soko hufanyika. Jumatatu iepuke, kwani jumba la makumbusho la mji hufungwa. Iepuke pia wiki ya mwisho ya Julai, wakati wa mashindano ya farasi ya Ballybrit, kwa kuwa bei za vyumba hupanda na baa hujaa watu waliovaa kana kwamba wanakwenda harusini, ambao kufikia alasiri hawana nafasi ya kukupisha wewe na kigari cha mtoto. Katikati ya Juni jua huzama baada ya saa nne usiku, jambo linalowapa watoto mchana mrefu ajabu. Desemba giza huingia kabla ya saa kumi na moja jioni, na hapo safari ya ufukweni sharti itangulie chakula.

Ireland haimo katika eneo la Schengen. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya Ireland yenyewe, na kibali cha kuishi Ujerumani, Uholanzi au Uingereza hakichukui nafasi yake. Familia zinazoishi Ulaya husahau jambo hili kwa sababu zimezoea kuvuka mipaka bila kuulizwa, kisha hukumbushwa kwenye dawati la ndege wakiwa wameshalipa hoteli.

Kutoka Dublin, treni ya Galway huondoka katika kituo cha Heuston na hutumia saa mbili na nusu hivi, na pia yapo mabasi yanayotoka moja kwa moja uwanja wa ndege. Treni ina choo na nafasi ya kutembea, na kwa mwenye watoto wadogo hoja hiyo inatosha.

Kuhusu mavazi, mwamvuli hausaidii sana. Upepo wa Atlantiki huugeuza ndani nje kabla hujafika kona ya pili, na wenyeji wengi hutegemea koti lenye kofia. Mvalishe kila mtoto nguo za tabaka mbili tatu na koti lisilopitisha maji, na usiahirishe lolote kwa sababu ya manyunyu, kwa kuwa mvua ya huku huja na kuondoka mara kadhaa kwa siku.

Hatua ya 3: Asubuhi, shuka na mtaa mmoja tu

Ukitoka kituoni unaangukia Eyre Square, uwanja wenye nyasi na sehemu ya michezo ya watoto, ambao bustani yake ina jina la Rais John F. Kennedy, aliyehutubia umati hapo Juni 1963, miezi michache kabla ya kuuawa. Waachie watoto wacheze kwanza, kwani wametoka kukaa kwenye treni. Kisha waonyeshe sanamu ya mwandishi Pádraic Ó Conaire, aliyeandika kwa Kiairishi. Sanamu hiyo ya shaba ni nakala. Ile ya asili, ya mawe, ilikatwa kichwa na wahuni mwaka 1999, ikatengenezwa, na baadaye ikahamishiwa makumbusho. Watoto wanaosinzia habari za waandishi huamka ghafla wakisikia habari za kichwa kilichokatwa, na alasiri watakuwa na sababu ya kutaka kuiona ile yenyewe.

Kutoka uwanjani, mtaa mkuu huteremka moja kwa moja hadi mtoni, ukibadilisha jina njiani: William Street, Shop Street, High Street, Quay Street. Hakuna magari kwa sehemu kubwa, na wapiga muziki wa mtaani husimama kila hatua chache. Usijaribu kuuona mji mzima. Mtaa huu mmoja, ukitembewa kwa saa mbili, unatosha. Njiani lipo jengo la mawe la ghorofa kadhaa liitwalo Lynch's Castle, lenye michongo ya wanyama na ngao ukutani, ambalo lilikuwa makao ya mojawapo ya zile koo 14 za wafanyabiashara zilizoutawala mji huu enzi za biashara ya mvinyo na Hispania. Sasa ni benki. Ukuta wake wa nje ndio wenye cha kutazamwa.

Ukifika kanisa la Mtakatifu Nicholas, ambalo lilijengwa mnamo mwaka 1320 na limepewa jina la mtakatifu msimamizi wa mabaharia, soko liko ubavuni mwake. Hapa nunua vitu vya kushika mkononi: donati moto, jibini ya mashambani, mkate. Kuanzia Septemba hadi Aprili ni msimu wa chaza wa asili wa ghuba hii, na muuzaji atakufungulia mmoja papo hapo kwa kisu kifupi, akuwekee tone la limau. Mtoto aliyekulia Mombasa au Bagamoyo huenda akamkodolea macho chaza huyo akiwa bado hai kwenye gamba, kwa hiyo usimlazimishe. Asubuhi hii msijaze matumbo, kwani chakula chenyewe kinakuja.

Hatua ya 4: Chakula cha mchana ndani ya baa

Ingieni kabla ya saa saba mchana. Kuanzia saa saba hadi saa nane na nusu wafanyakazi wa mjini hujaza meza, na baada ya hapo majiko mengi hufungwa hadi jioni, hivyo familia inayofika saa tisa huishia kupewa pakiti ya viazi vya kukaanga na pole. Chagua baa yenye ubao wa chakula nje. Baa ndogo za muziki mara nyingi hazina jiko kabisa, na kumwomba mhudumu wake supu ni kumtaabisha bure.

Tigh Neachtain, iliyo kwenye kona ya Cross Street na Quay Street, ni mfano mzuri wa baa ya zamani ya mji huu: imekuwa mikononi mwa familia moja tangu mwaka 1894, na ndani imegawanywa kwa mbao kuwa vijumba vidogo vyenye mabenchi, ambamo familia ya watu wanne hujibana na kujiona iko sebuleni kwake. Uzuri huohuo una gharama yake, maana kigari cha mtoto hakipiti. Kikunje na ukiache pale mhudumu atakapokuonyesha, au kaeni meza za nje kama hali ya hewa inaruhusu.

Utaratibu wa kuagiza huwachanganya wageni wengi. Katika baa ya kawaida hakuna anayekuja kukuchukua mlangoni. Tafuta meza iliyo wazi, keti, kisha mtu mzima mmoja aende kaunta kuagiza na kulipa. Kwa chakula, baadhi ya baa huja mezani na nyingine hukutaka utaje namba ya meza kaunta, kwa hiyo uliza. Usipige mluzi, usipunge noti, wala usigonge kaunta. Simama tu pale mhudumu anapoweza kukuona, naye hukumbuka aliyetangulia hata kama mko kumi. Kadi hupokelewa karibu kila mahali. Bakshishi haitolewi kwa kinywaji ulichojichukulia kaunta. Ukihudumiwa chakula mezani, asilimia 10 ni heshima ya kutosha.

Kama mtu mzima ameagiza Guinness ya bomba, asifikiri amesahauliwa. Mhudumu huinamisha glasi, huijaza robo tatu hivi, kisha huiweka kando na kumhudumia mwingine, huku povu la rangi ya maziwa likishuka ubavuni mwa glasi kama mawingu kabla ya kupanda na kutulia juu. Ndipo huijaza iliyobaki. Waelekeze watoto waitazame, kwa sababu ni mchezo wa bure. Bia hii ya bomba ina kileo cha asilimia 4 na kidogo, pungufu kuliko Guinness ya chupa inayouzwa Nairobi na Dar es Salaam, na ladha yake ni laini zaidi. Painti moja ni mililita 568; ukitaka nusu yake, omba glasi.

Asiyekunywa hana haja ya kujieleza. Ireland ina desturi ndefu ya watu walioapa kuacha kileo. Chama cha Pioneer, kilichoanzishwa Dublin mwaka 1898, kilizoesha nchi nzima kuwaona watu wenye beji ndogo ya Moyo Mtakatifu kifuani wakiketi na wanywaji, mbele yao birika la chai. Agiza chai na italetwa na maziwa pembeni, na hakuna atakayekutazama mara mbili. Uvutaji sigara ndani ya baa umepigwa marufuku tangu Machi 2004, Ireland ikiwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo kwa sehemu zote za kazi, kwa hiyo mapafu ya watoto yako salama kuliko katika migahawa mingi ya kwetu.

Chakula kinachowafaa wengi ni ile supu nzito ya maziwa yenye vipande vya samaki, kome na viazi, ambayo kwenye ubao huandikwa chowder, pamoja na vipande vya mkate wa kahawia unaoumuliwa kwa magadi badala ya hamira, na siagi ya chumvi. Familia za Kiislamu ziulize mambo matatu kabla ya kuagiza. Kwanza, kama supu imetiwa vipande vya nyama ya nguruwe, jambo ambalo wapishi wengine hulifanya kwa ladha. Pili, kama rojo la unga linalopakwa samaki wa kukaanga limekorogwa kwa bia. Tatu, kama mchuzi wa nyama umepikwa kwa Guinness. Ule wa ng'ombe mara nyingi hupikwa hivyo, ule wa kondoo mara chache. Baa za Ireland zinalazimika kisheria kueleza kwa maandishi viambato vinavyosababisha mzio, kwa hiyo mhudumu amezoea maswali ya namna hii na hayamkeri.

Kabla ya kutoka, wapeleke watoto msalani, na uwaambie kwamba mlango ulioandikwa Mná ni wa wanawake na ulioandikwa Fir ni wa wanaume. Ni maneno ya Kiairishi, na herufi za mwanzo huwapoteza wageni kila siku, maana hudhani M ni ya neno la Kiingereza male na F ni ya female.

Hatua ya 5: Alasiri, fuateni maji

Quay Street huishia mtoni, na upande wa kushoto liko Spanish Arch, tao la mawe lililojengwa mwaka 1584 kama nyongeza ya ukuta wa mji ili kulinda gati. Sehemu yake iliharibiwa na mawimbi yaliyotokana na tetemeko la Lisbon mwaka 1755, habari inayowastaajabisha watoto wakioneshwa ramani. Nyuma ya tao kuna jumba la makumbusho la mji, lisilo na kiingilio. Humo ndimo aliko Ó Conaire wa mawe, na kutoka darini limening'inizwa jahazi zima la Galway, lenye tumbo la rangi nyeusi ya lami na matanga ya kahawia iliyokoza. Nusu saa inatosha.

Vuka daraja uende Claddagh. Kijiji cha wavuvi chenye nyumba za nyasi kilichokuwa hapa kilibomolewa miaka ya 1930, na kilichobaki kwa jina lake ni ile pete ya mikono miwili iliyoshika moyo wenye taji, ambayo utaiona katika kila duka la sonara. Bata maji wakubwa weupe hujaa bandarini; ni wazuri wakiwa mbali, ila hawana adabu kwa mtoto aliyeshika mkate.

Kutoka hapo njia ya kando ya bahari huenda hadi Salthill, jumla ya zaidi ya kilomita 3 ukifika mwisho kabisa, tambarare na yenye lami, ikikutazamisha milima ya Burren ng'ambo ya ghuba. Mvua ikizidi, ingieni Atlantaquaria, jumba la samaki lililo njiani. Ikikatika, endeleeni hadi Blackrock, kwenye mnara wa kurukia baharini, ambako watu huogelea hata Januari. Maji ni baridi ya kuuma mifupa kwa mtu wa Bahari ya Hindi, na mnara huo si wa watoto. Lililo lao ni ukuta ulio mwisho wa njia, ambao kila anayetembea huupiga teke kabla ya kugeuka. Sababu ya desturi hiyo kila mtu ana ya kwake, ila mtoto hahitaji kuelezwa kwa nini apige ukuta teke.

Msirudi kwa miguu. Basi namba 401 litawarejesha Eyre Square. Nunueni mapema kadi ya usafiri iitwayo Leap, inayouzwa madukani, kwa kuwa nauli yake ni nafuu kuliko pesa taslimu, na watoto wadogo hawalipi.

Hatua ya 6: Jioni, kaeni kwenye muziki

Baa za Tig Cóilí na Taaffes, zilizo karibu na kanisa, zinajulikana kwa muziki wa kila siku unaoanza mapema. Fikeni nusu saa kabla. Mtaiona kona moja yenye viti vitupu wakati baa imejaa; hivyo ni viti vya wapigaji, msikalie. Watakuja mmoja mmoja, waweke vinywaji mezani, na kufungua mikoba: fidla, filimbi ya bati, kodiani, ngoma ya ngozi ya mbuzi inayoshikwa mkononi na kupigwa kwa kijiti kifupi, na pengine zumari la mfuko unaopulizwa kwa kiwiko badala ya mdomo. Hakuna jukwaa wala mtangazaji. Wanaketi wakitazamana, na wimbo hurudiwa mara mbili au tatu kabla ya kuunganishwa na mwingine bila kusimama.

Aliyezoea taarabu atatamani kuinuka na kumtunza fundi katikati ya wimbo. Asifanye hivyo. Huku pongezi hutolewa mwishoni, kwa makofi au neno moja, na mwenye kutaka kushukuru zaidi humwambia mhudumu awapelekee wapigaji kinywaji. Kupiga makofi ya mdundo wakati wanapiga huwavuruga, hasa makofi ya mtu asiyeijua mizani yao. Mazungumzo ya sauti ya chini yanakubalika, kwa kuwa hili si tamasha; lakini mtu akianza kuimba peke yake bila ala, baa nzima hunyamaza, na mtoto asiyeweza kunyamaza atolewe nje kwa dakika hizo tatu. Ukitaka kupiga picha ya video, omba kwa ishara kwanza.

Waketisheni watoto mahali wanapoona vidole. Mtoto wa miaka saba akiwa mita moja kutoka kwa mkono wa mpiga fidla hukaa kimya kwa muda ambao katuni haiwezi kumkalisha. Wapeni maji ya machungwa, msiagize mzunguko wa pili wa vinywaji kabla hamjaona hali yao, na wakianza kujilaza mezani ondokeni, hata kama saa tatu bado.

Hatua ya 7: Kurudi

Anayelala Galway hana la kuharakia, na ndivyo ningemshauri kila mwenye watoto wa chini ya miaka kumi. Anayerudi Dublin siku hiyo hiyo akumbuke kwamba treni ya mwisho huondoka mapema kuliko wageni wanavyodhani, wakati mabasi huendelea hadi usiku. Kata tiketi ya basi asubuhi, ukichagua la baada ya saa mbili usiku, na pitia McDonagh's huko Quay Street kununua samaki na chipsi za kula mkiwa njiani kwenda kituoni.